"Ndiyo" Yetu na "Ndiyo" ya Mnunuzi



Mwezi huu twapenda kusema machache juu ya jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni maneno tunayoambiana na wanunuzi wageni. Ni kweli kwamba mauzo ya ng'ambo si kazi ya mkulima mmoja mmoja. Hata hivyo wageni hufika mashambani, huzitazama karafuu zikiwa majamvini, huuliza, nasi hujibu. Na jibu hilo ndilo waondokalo nalo.

Natulichukue neno dogo, "ndiyo". Mgeni wa Kizungu akiuliza, "Karafuu hizi hazikunyeshewa?" mtu wetu hujibu, "Ndiyo, bwana," maana yake: ndivyo usemavyo, hazikunyeshewa. Kwa Kiingereza jibu la swali hilo ni "hapana". Basi mkalimani asiye mwangalifu akilipeleka neno kwa neno, mgeni atasikia kuwa zimenyeshewa, naye ajua kama sisi kwamba karafuu iliyolala na maji huvunda na kupoteza rangi. Hatauliza tena. Atapunguza bei tu, na mkulima ataona amedhulumiwa. Na hapo hakuna mwongo hata mmoja.

Mnunuzi wa Indonesia, ambako karafuu nyingi huingia katika sigara za kreteki, ni mwenzetu kwa adabu. Yeye naye huona haya kusema "hapana". Husema "belum", yaani "bado", kama tusemavyo sisi. Lakini watu wawili waonao haya wakikaa meza moja waweza kunywa kahawa siku nzima, wakaagana kwa furaha, na bei isijulikane.

Wapo wasemao kwamba mgeni ndiye ajifunze desturi zetu. Hatukubaliani nao. Mgeni huyo aweza kwenda Madagaska kesho.

Wazee wetu waliionja gharama ya kutosikilizana. Mwaka 1937 Serikali ya Unguja ilitoa sheria ya kukipa Chama cha Wakulima wa Karafuu cha siku hizo mamlaka ya pekee ya kununua karafuu za kupelekwa ng'ambo. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na Bara Hindi, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, ikasusia karafuu zetu mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Ugomvi ule ulikuwa wa maslahi, si wa lugha tu, hatulikanushi hilo. Lakini meza waliyokaa mwishoni, kwa maoni yetu, ingaliweza kuwekwa mwanzoni.

Yatupasa basi tuwe na mkalimani wetu wenyewe, asiyelipwa na mnunuzi. Na kabla mgeni hajaondoka, yaliyosemwa yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha yake, yasomwe mbele ya wote: daraja, ukavu, siku ya malipo, na uzito kwa kilo, maana frasila yetu ya ratili 35 yeye haijui. Hata saa ya kukutana iandikwe, kwani saa mbili yetu kwake ni saa nane. Na mwanachama aonaye haya kusema "bei hii hatuitaki" amwachie mwenziwe aseme.

Jambo hili litaletwa katika mkutano wa matawi kabla ya mchumo. Kila tawi lije na jina la mtu mmoja awezaye kazi ya ukalimani.