Tusingoje Selo Ndiyo Tujifunze Sheria



Hapa Westlands, kuanzia Kangemi mpaka Parklands, kijana Muislamu akisikia "sheria" anafikiria polisi. Kitambulisho kilichoitishwa stejini. Simu ya usiku kwamba fulani yuko selo. Hapo ndipo tunaanza kutafuta wakili. Mimi naona tunafika tukiwa tumechelewa. Kabla ya ile sheria kutumika kumkamata, ilikuwa mswada Bungeni. Ilisomwa, ikajadiliwa, ikapigiwa kura. Sisi tulikuwa wapi?

Tuangalie sheria za ugaidi, manake hizi zinatugusa moja kwa moja.

Mwaka 2003 serikali ilileta Mswada wa Kukandamiza Ugaidi. Kulikuwa na kipengele kuhusu mavazi: ukivaa kitu hadharani kwa namna ya kufanya ushukiwe kuwa wa kundi la kigaidi, ni kosa. Fikiria wewe na kanzu yako. Wazee wetu hawakungoja kipite. Viongozi wa Waislamu, mawakili na watetezi wa haki, wengi wao si Waislamu, waliupinga ukiwa bado karatasi. Mswada ule haukuwahi kuwa sheria. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilikuja 2012.

Sasa 2014. Nchi ilikuwa na majeraha. Watu 67 walikuwa wameuawa Westgate, hapa hapa kwetu, Septemba 2013. Halafu Mandera, Novemba na Desemba 2014: 28 waliokuwa kwenye basi, kisha 36 kwenye machimbo ya mawe. Uchungu ulikuwa wa haki. Lakini haraka haraka haina baraka. Mswada wa kurekebisha sheria za usalama ulipitishwa Desemba 18 wabunge wakipigana ndani ya Bunge, na kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi.

Wengi walidhani basi, yameisha. Hayakuwa yameisha. Katiba ya 2010, Kifungu cha 2, inasema sheria yoyote inayogongana nayo ni batili pale inapogongana. Kifungu cha 165 kinaipa Mahakama Kuu nguvu ya kuamua hilo. Muungano wa CORD, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na raia mmoja walienda kortini, na Februari 23, 2015 majaji 5 walifuta vipengele 8. Kimoja kilisema Kenya nzima isizidi wakimbizi 150,000. Vingine viliwabana waandishi wa habari.

Lakini hawakufuta yote. Ruhusa ya vyombo vya usalama kudukua mawasiliano ilibaki. Korti inaweza kukata kipande kibovu, haiwezi kukuandikia sheria unayoitaka. Inayoandika ni Bunge, na Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge kushirikisha umma.

Najua mtasema ushirikishwaji ni maigizo, wabunge washaamua. Mara nyingi ni kweli. Lakini barua iliyopokelewa na Bunge ni rekodi, na kesho mkienda kortini kusema hamkusikizwa mtakuwa na cha kuonyesha. Kelele za WhatsApp hazina muhuri. Na tukumbuke Juni 2024: vijana waliuzuia Mswada wa Fedha ukiwa umebakisha sahihi ya Rais tu, na wengine walilipa kwa maisha yao. Hiyo ndiyo bei ya kusikizwa mwishoni.

Kwa hivyo tuanze na haya.

Moja, tujue njia ya mswada. Unachapishwa, unasomwa mara ya kwanza, unaenda kwa kamati, halafu kusomwa mara ya pili na ya tatu. Rais ana siku 14 kuutia sahihi au kuurudisha. Kwenye kamati ndipo maoni yetu yanaitishwa, na tangazo hutoka magazetini. Andika hata kwa Kiswahili, ni lugha rasmi.

Mbili, tusisahau kaunti. Wanaokufukuza kanjo ukiuza viatu barabarani wanatumia sheria za Bunge la Kaunti pale City Hall. Nako umma lazima ushirikishwe, Kifungu cha 196. MCA wako unamjua?

Tatu, haki ikivunjwa, Kifungu cha 22 kinasema kufungua kesi ya haki za binadamu hakulipiwi ada.

Wanafunzi wa sheria wako Parklands, na kumbi za madrasa ziko wazi jioni. Mswada mmoja kwa mwezi, tuusome pamoja, tuandike barua moja, tuweke majina yetu. Ukiwa tayari, andika jina la wadi yako hapo chini tukupange na wenzako.