Milima ya Isansa pekee haitoi pumzi ya dakika 90

Kwenye vijiwe vya soka vya Mbozi na Tunduma kuna imani moja ambayo haijadiliwi: kijana wa milimani hachoki. Amekulia kwenye baridi, amepanda na kushuka mashamba ya kahawa tangu mdogo, shule ameifuata kwa miguu. Mpe jezi, mpeleke Dar es Salaam, atawakimbiza watoto wa mjini mpaka waombe maji.

Imani hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili, ile isiyosemwa, ndiyo inayowamaliza vijana wengi wa kata kama Isansa, wilayani Mbozi, kabla hata skauti hajawaona. Shida peke yake haijengi mchezaji. Kinachomjenga ni ugumu uliopimwa: anaubeba, anakula, anapumzika, kisha anaongezewa kidogo. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo unabaki na kijana aliyechoka tu.

Milima ileile, matokeo tofauti

Ushahidi wa nusu ya kwanza upo na hauna ubishi. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu chini ya kocha Juma Mwambusi, ikiwa na vijana ambao wengi hawakuwa na majina. Ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, huku Simba ikiwa chini yake. Uwanja wa Sokoine ukawa mahali ambapo hakuna kigogo aliyekwenda huku akicheka. Novemba 29, 2022, Ihefu ya Mbarali nayo ikaichapa Yanga 2-1 na kukata mbio za mechi 49 za ligi bila kupoteza.

Hapo shabiki atasema, si unaona? Lakini Mbeya City hiyohiyo ilishuka daraja mwaka 2023, ikasota kwenye Championship na kurejea Ligi Kuu msimu wa 2025/26. Milima haikuhama. Baridi ya Mbeya ilikuwa ileile siku inapanda na siku inashuka. Kama siri ingekuwa mwinuko, timu isingeshuka.

Hata hesabu ya mwinuko yenyewe haiwi kama inavyosemwa kijiweni. Wanariadha wa Kenya wanaopiga kambi Iten wako takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Wataalamu wa mazoezi hupendelea kati ya mita 2,000 na 2,500, kwa kuwa huko hewa nyepesi huulazimisha mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu nyingi zaidi. Sehemu kubwa ya Mbozi iko chini ya hapo. Vilima vya Isansa vinasaidia mapaja na mapafu, ndiyo, lakini ni kwa sababu ya ule mpando, wala si kwa maajabu ya hewa. Na mtu anayepanda mlima uleule kila siku, kwa mwendo uleule, mwili wake huuzoea. Ukishauzoea, hauongezi kitu.

Shida si mazoezi

Mwili una utaratibu wake. Mazoezi magumu huchosha misuli na kuichana kidogo kidogo. Nguvu haiji wakati mtu anakimbia. Inakuja baadaye, mwili unapojikarabati kwa chakula na usingizi. Ndiyo maana mchezaji wa timu kubwa akitoka kucheza Jumapili, Jumatatu anafanya mazoezi mepesi au anapumzika kabisa. Hakuna anayemwita mvivu.

Sasa chukua wiki ya kijana wa miaka 15 wakati wa mavuno ya kahawa. Alfajiri yuko shambani, mchana darasani, jioni uwanjani, Jumapili anacheza mechi ya kugombea mbuzi. Kwa macho ya shabiki, huyo anakomaa. Kwa hesabu ya mwili, ana kazi tatu kwa siku na hana hata siku moja ya kupumzika. Umri wake unahitaji usingizi wa saa nane hadi 10, naye anaamka kabla ya jogoo. Akianza kuburuza miguu jioni, kocha anamwongezea mizunguko 10 ya uwanja kwa kosa la uvivu. Kumbe mtoto amechoka, siyo mvivu.

Kuna na sahani. Songwe ni mkoa wa mahindi, maharage na karanga. Njaa si jina lake. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya watoto 40 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu 32. Mtoto aliyekuwa na miaka minne wakati ule sasa ana miaka 12. Ndiye huyo anayeingia UMITASHUMTA, na miaka michache ijayo atagombea namba kwenye UMISSETA. Udumavu hautibiwi kwa kukimbizwa mlimani. Huo ni ugumu ambao haujengi kitu, na hakuna kocha wa kuufuta kwa filimbi.

Magoti nayo yana habari yake. Vijana wengi wa miaka 11 hadi 15, wakati mifupa inarefuka haraka, hupata maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti. Ni hali inayojulikana vizuri kwa madaktari wa michezo, na kwa kawaida hupungua kijana akipunguziwa kukimbia na kuruka kwa muda. Mchangani dawa yake ni nyingine: anaambiwa akaze, anameza kidonge cha maumivu, anaingia. Maumivu ni taarifa. Kidonge huizima taarifa, kinachouma kinabaki palepale.

Kichwa nacho kinafanyiwa mazoezi

Ukija upande wa akili, soka la Tanzania limetoa somo la wazi miaka hii ya karibuni, na somo lenyewe ni la matuta.

Aprili 2022 Simba ilitolewa na Orlando Pirates kwa penalti kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Aprili 2023 ikatolewa tena kwa penalti, safari hii na Wydad Casablanca kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Aprili 2024 ikawa zamu ya Yanga: sare tasa mbili na Mamelodi Sundowns, kisha penalti, kisha safari ya kurudi nyumbani. Miaka mitatu mfululizo, mlango uleule. Mitaani likazuka neno kwamba Watanzania hawana roho ya matuta, kana kwamba ni kitu cha damu.

Aprili 2025 Simba ikarudi pale pale. Al Masry ya Misri ilikuwa imeshinda 2-0 kwao. Wekundu wa Msimbazi wakalipa mabao yote mawili Kwa Mkapa, mechi ikaenda kwenye matuta. Simba ikashinda 4-1, kipa Moussa Camara akidaka mbili, na safari ikafika hadi fainali dhidi ya RS Berkane. Damu ya Watanzania haikubadilika ndani ya mwaka mmoja. Klabu ilikuwa imeshapita kwenye moto ule, na mara hii haikuungua.

Utafiti unaunga mkono hilo. Geir Jordet, mtafiti wa Norway aliyechambua penalti za mashindano makubwa, alionyesha kwamba wapigaji wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi ya mwamuzi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaojipa muda. Kujipa muda ni tabia, na tabia hufundishika. Lakini haifundishiki kwa kumtukana mtu.

Taifa Stars ina hadithi yake, na wakazi wa Tunduma wanaijua vizuri kwa sababu ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, ni Zambia. Agosti 1979 mjini Ndola, bao la Peter Tino la dakika za lala salama lilileta sare ya 1-1 na Zambia na kuipeleka Stars kwenye AFCON ya 1980. Januari 21, 2024, nchini Ivory Coast, mambo yakageuka. Simon Msuva alifunga mapema, Zambia ikabaki na wachezaji 10 kabla ya mapumziko, Stars ikakaa na uongozi hadi dakika ya 88, Patson Daka akasawazisha. Ushindi wa kwanza wa Stars kwenye fainali za AFCON ukayeyuka zikiwa zimebaki dakika mbili.

AFCON ya 2025 huko Morocco haikuleta ushindi huo pia. Dhidi ya Uganda, Stars iliongoza tena na kusawazishiwa tena, dakika ya 80. Ugonjwa ule bado upo, na anayesema umepona anajidanganya. Ila dhidi ya Tunisia, wakiwa nyuma kwa penalti ya kabla ya mapumziko, vijana walirudi uwanjani na Feisal Salum akasawazisha mapema kipindi cha pili. Pointi mbili ambazo 2024 ziliirudisha Stars nyumbani, mara hii ziliivusha hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza. Huko ikafungwa 1-0 na wenyeji Morocco. Ni hatua ndogo, lakini ni hatua ya timu iliyokwishaumia mahali palepale na kurudi tena.

Nje ya soka, Alphonce Simbu alifanya hivyohivyo kwa miguu yake. Alipata medali ya shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017. Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024 akamaliza wa 17, na wengi wakaona basi tena. Septemba 2025 mjini Tokyo akawa bingwa wa dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kati ya London na Tokyo kuna miaka minane ya kuongeza kidogo kidogo.

Uwanja wa kijiji unaweza nini

Swali linalobaki ni dogo na halihitaji mfadhili: timu ya Isansa inaweza kufanya nini Jumatatu ijayo?

Kwanza, kupasha misuli ipasavyo. FIFA ina programu iitwayo 11+, ya dakika 20 hivi, kwa wachezaji wa miaka 14 na kuendelea: kukimbia taratibu, mazoezi ya tumbo, mapaja na mizani, kisha mbio za kasi. Haihitaji kifaa zaidi ya mpira na alama za kuzungukia. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2008, uliowafuatilia wasichana wa miaka 13 hadi 17, ulikuta majeraha kwa ujumla yamepungua kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Mabinti wa Songwe wanaocheza soka wanahusika hapo moja kwa moja.

Pili, kuutumia mlima kwa hesabu. Mbio sita za kupanda wiki hii, saba wiki ijayo, nane inayofuata, kisha wiki moja ya kupunguza. Mara mbili kwa wiki zinatosha, na siku inayofuata iwe ya mpira mwepesi. Msimu wa mavuno, kazi ya shamba ihesabiwe kama mazoezi, kwa sababu ndivyo mwili unavyoihesabu.

Tatu, ugumu wa akili uwekwe ndani ya mazoezi. Mechi ya mazoezi ianze timu ya kwanza ikiwa nyuma kwa bao moja, zimebaki dakika 15. Siku nyingine ianze ikiongoza, lakini ina wachezaji 10, ijifunze kulinda bao bila kubutua ovyo. Mazoezi yaishe kwa penalti wakati miguu imechoka, wenzake wakipiga kelele, na mpigaji afundishwe kuvuta pumzi baada ya filimbi kabla ya kuanza kukimbia. Akikosa, kesho apige tena.

Nne, chakula. Kijiji kinacholima karanga na maharage hakina sababu ya kumpeleka mtoto mazoezini na uji mtupu. Uji wa mahindi ukitiwa karanga zilizosagwa, na maharage yakiwa kwenye sahani ya jioni, tayari misuli imepata cha kujikarabatia. Hilo ni la wazazi zaidi kuliko kocha, na linaanza mtoto akiwa mdogo, miaka mingi kabla ya jezi.

Mashabiki nao wana sehemu yao. Pembeni mwa viwanja vya mchangani, kijana wa miaka 16 akipoteza mpira husikia matusi ambayo hata mchezaji wa Ligi Kuu yangemvuruga. Wanaotukana huamini wanamkomaza. Anachojifunza ni kuficha mpira, kutoa pasi za nyuma, kuogopa kujaribu, na mwezi unaofuata haonekani tena uwanjani. Penalti ya mwisho haipigwi na mtu aliyezoea kuogopa.

Songwe imekuwa mkoa tangu 2016. Umri huo unatosha kwa kizazi cha kwanza cha wachezaji waliolelewa chini ya jina hilo kuanza kubisha hodi kwenye ligi za juu. Watakaofika hawatapatikana kwa kuwaongezea shida, kwa sababu wanazo za kutosha. Watapatikana pale kocha wa timu ya kata atakapokuwa na daftari linaloonyesha nani kakimbia kiasi gani, nani kalala shambani, nani goti linamuuma na nani leo apumzike.