Kijana, ukikata miaka leo utailipia ukiwa mkongwe

Hebu nikuulize: mwanamichezo huitwa mkongwe akifika miaka mingapi? Usijibu haraka, maana jibu linategemea mchezo, na hata nani ameandaa mashindano.

Katika riadha, mashindano ya wakongwe duniani yanakupokea ukitimiza miaka 35 tu. Eliud Kipchoge alikuwa na miaka 37 alipoweka rekodi ya dunia ya marathon ya saa 2:01:09 kule Berlin mwaka 2022. Kwa umri, angeweza kukimbia na wakongwe!

Sasa njoo kwenye vitara, ule mchezo wa panga nyembamba na barakoa za waya. Wakenya wengi waliusikia mara ya kwanza Alexandra Ndolo alipoiwakilisha Kenya katika Olimpiki za Paris 2024. Ulaya na Marekani, mkongwe wa vitara huanzia miaka 40. Lakini mashindano ya dunia ya wakongwe kwa miaka mingi yalikuwa na makundi matatu: 50 hadi 59, 60 hadi 69, na 70 kwenda juu. Kwa hivyo mtu wa miaka 45 alikuwa mkongwe kwao, lakini akifika kwenye ya dunia anaambiwa, bado wewe ni kijana, subiri.

Hata kuhesabu umri kwenyewe kunatofautiana. Wakongwe wa riadha lazima wawe wametimiza umri siku ya kwanza ya mashindano. Vitara vya Marekani huangalia mwaka wa kuzaliwa tu. Aliyezaliwa Desemba 1986 anashindana kama mtu wa miaka 40 mwanzoni mwa 2026, miezi mingi kabla ya keki.

Na wewe kijana? Shirikisho la kimataifa la vitara linataka wachezaji wa chini ya miaka 20 wawe hawajafikisha umri huo ifikapo saa sita usiku, Desemba 31 ya mwaka uliotangulia. Chukua marafiki wawili: mmoja alizaliwa Desemba 31, 2005, mwingine siku iliyofuata, Januari 1, 2006. Mwanzoni mwa 2026 wa kwanza amefungiwa nje, wa pili anacheza. Inauma, lakini mstari lazima uchorwe mahali, na unawakata wote kwa kipimo kimoja.

Shida inaanza mtu anapouhamisha mstari huo kwa kalamu. Unajua ninachozungumzia. Kijana ana miaka 19, cheti kinasema 16, na kocha anamwambia eti kila mtu anafanya hivyo. Medali anayopata si ya bure. Kuna mtoto wa miaka 16 halisi aliyebaki nyumbani, na pengine ndiye angepata ufadhili wa masomo.

Halafu kuna deni la baadaye. Miaka uliyoikata haikuachi ukishatoka kwa vijana. Inaingia kwenye kitambulisho na pasipoti. Siku utakapofikisha miaka 40, karatasi zitasema 37, na mlango wa wakongwe wa vitara utafungwa na uongo wako mwenyewe. Ukirudi kuongeza ile miaka, utaulizwa: basi zile medali za ujana zilikuwa za nani?

Ukiona umechelewa, kumbuka kwamba kwenye kundi la watu wazima vitara havina kikomo cha juu cha umri. Ndolo alikuwa na miaka 35 alipotwaa fedha ya dunia Cairo mwaka 2022, wakati huo akiichezea Ujerumani. Hakuhitaji kupunguziwa hata mwezi mmoja.

Kwa hivyo leo jioni toa cheti chako cha kuzaliwa. Linganisha jina na tarehe na zile zilizo shuleni na klabuni. Kama kuna kosa, mwambie mzazi lirekebishwe sasa, kabla hujaitwa timu yoyote.