Mzigo wa ndizi ukae chini ya meli
Mfanyabiashara wa Rugera anayepeleka ndizi Mwanza kwa meli asiulize gharama tu. Aulize pia mzigo utapangwa wapi. Chombo huelea kwa sababu maji kinayoyasukuma yana uzito sawa na wake. Lakini kuelea si kutopinduka. Mikungu ikirundikwa juu na abiria wakakimbilia upande mmoja, chombo kilichoinama hushindwa kujiinua. MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza Mei 21, 1996. Kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, watu 228 wakafa. Wakaguzi bandarini wasihesabu tani tu. Ndizi zikichelewa ni hasara, roho haifidiwi.