Zilipendwa zina wenyewe

Ukifanyika msako wa kazi za wizi, anayekamatwa ni kijana wa kibandani: kompyuta kuukuu, flashi mbili tatu, na bango la mkono linalosema anaingiza nyimbo kwenye simu. Sheria inamhusu, simtetei. Lakini mimi ni binti wa mpuliza saksafoni wa bendi ya dansi, na wanaokula jasho la baba yangu hawakai kibandani.

Wako YouTube. Andika jina la bendi yoyote iliyovuma miaka ya 1970, utaletewa chaneli za zilipendwa moja baada ya nyingine. Mwenye chaneli hakutunga ubeti wala hakugusa gitaa. Amechukua rekodi iliyofanyika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), akaibandika picha ya machweo, akaruhusu matangazo, na fedha zinaingia kwake. Wimbo mmoja aliopuliza baba, ambao hadi leo watu wanauimba harusini, nimeukuta umepewa bendi nyingine kabisa. Mtunzi hatajwi. Mpiga tumba ndiyo usiseme.

Hilo linaniuma kuliko fedha. Enzi za kaseti za kudurufu pale Kariakoo, hata mwizi aliandika jina la mwanamuziki kama Mbaraka Mwinshehe kwenye karatasi ya juu, maana bila jina hilo asingeuza. Sasa hata jina hawalihitaji.

Wapo wanaoniambia nyimbo za zamani ni za taifa zima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haisemi hivyo: inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alifariki 1965, kwa hiyo tungo zake zimeshakuwa za wote. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979. Za kwake zina wenyewe mpaka 2029. Mwanamuziki mwenzao Marijani Rajab alituacha 1995, basi hesabu yake inafika 2045.

Tangu 2007 YouTube ina mfumo unaotambua sauti. Mwenye haki akiwasilisha rekodi yake, mfumo unaziona nakala zilizopandishwa na wengine, naye anaamua ziondolewe au zibaki na mapato ya matangazo yaje kwake. Msanii wa Bongo Fleva mwenye kampuni ya usambazaji nyuma yake anafaidika nao. Ila mfumo huo haujui nani alipuliza; unamjua aliyewasilisha. Mtu baki akiwahi kuwasilisha rekodi ya bendi iliyokufa, familia ya mtunzi ikipandisha wimbo wa mzee wao, wao ndio wanaoonekana wezi.

Mjane mwenye simu ya vitufe kule Morogoro hawezi kupigana vita hiyo peke yake. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanaweza kumsaidia, wakishirikiana na TBC, shirika la utangazaji la taifa lililorithi kanda za RTD. Chochote kilichoandikwa kwenye makasha ya kanda zile kichapishwe: wimbo, bendi, tarehe, mtunzi. Penye pengo, waitwe wanamuziki waliobaki wasikilizishwe, wataje nani alipiga solo na nani alipiga besi. Baba alikuwa akisikia tarumbeta redioni anamtaja mpulizaji kabla wimbo haujafika kiitikio. Amekwenda na elimu hiyo, na kila msiba wa mwanamuziki mkongwe ninaohudhuria unapunguza mashahidi.

Orodha hiyo ikishakuwapo, COSOTA iwasaidie warithi kuwasilisha madai YouTube na mirabaha ianze kugawiwa, hata kama mwanzoni ni kidogo. Nisingeanza na semina ya hotelini wala kamati. Ningeanza na wakongwe wa bendi za Msondo na Sikinde, mwaka huu huu. Nauli na chakula cha mchana cha wazee hao havilishindi shirika la umma ambalo limepiga nyimbo zao hewani kwa miongo yote hii.