Jiwe Ndani ya Pua

Mafua ya kawaida hutoka katika matundu yote mawili ya pua. Basi mzazi aonapo mtoto wake anatokwa na usaha kwa tundu moja tu, tena wenye uvundo, wala haukomi kwa dawa ya mafua, yampasa ashuku kuwa mna kitu humo ndani.

Watoto wadogo hupenda kujitia vitu puani: ushanga, punje ya hindi, kifungo, kokoto. Wengi hawasemi, kwa kuogopa fimbo. Kitu hicho kikikaa miaka, chumvi za kalsiamu na magnesi zilizomo katika majimaji ya pua hujishika juu yake tabaka kwa tabaka, mfano wa ule utando mgumu uonekanao ndani ya birika lililochemshiwa maji ya kisima siku nyingi. Mwisho huwa jiwe. Daktari Thomas Bartholin wa Denmark alieleza habari za jiwe la namna hii mwaka 1654.

La kusikitisha ni kwamba mwenye jiwe huenda akafikia utu uzima bila kukumbuka alichojitia utotoni. Amekwisha zoea kuvuta pumzi kwa upande mmoja, kuumwa na kichwa, pengine kutokwa na damu. Na wenziwe humkimbia kwa harufu asiyoisikia mwenyewe. Shuleni huketishwa peke yake, akaambiwa aoge! Kuoga hakumfai kitu. Jiwe likiachwa hukua, nalo laweza kutoboa ukuta ugawao pua, hata kaakaa.

Daktari huondoa usaha, humulika tundu kwa taa, kisha hugusa kwa kijiti cha chuma: jiwe ni gumu na hukwaruza. Picha ya eksirei au ya CT huonyesha ukubwa wake, kwani uvimbe wa namna nyingine waweza kufanana nalo. Mgonjwa hutiwa ganzi, au hulazwa usingizi akiwa mtoto, nalo jiwe hutolewa kwa koleo kupitia tundu lile lile. Likiwa kubwa mno, hupondwa kwanza. Ni nadra kukata uso.

Kitu kilichoingia leo kisichokolewe nyumbani kwa kijiti wala kibanio cha nywele, maana kilicho mviringo husukumwa nyuma, kikaweza kuangukia njia ya pumzi. Maji nayo yasitiwe, kwa kuwa harage huvimba. Na ikiwa ni betri ndogo ya saa, ile iliyo kama kifungo, mtoto apelekwe hospitali papo hapo, usiku au mchana. Huunguza nyama ya pua kwa muda wa saa chache tu.