Bumu Tunalijua, Bomu Je?

Chuoni likitajwa neno bumu, kila mtu anaangalia salio. Likitajwa bomu la nyuklia, tunasema hayo ni ya wakubwa huko Marekani na Urusi. Nabisha. Elimu ya kumnasa aliyelipua bomu kwa siri ardhini ndiyo ileile ya kujua ardhi yetu ya Meru inapumua nini.

Bomu likilipuliwa chini ya mlima, mtikisiko unasomwa na mitambo ya mbali, ukiwemo ule wa Kilimambogo, Kenya. Lakini mtikisiko peke yake hauthibitishi kuwa ni nyuklia. Shahidi ni gesi. Atomi zikipasuka huzaliwa zenoni yenye mionzi, gesi isiyoungana na mwamba, inayopenya kwenye nyufa hadi juu. Mgandamizo wa hewa ukishuka, mfano dhoruba inapokuja, gesi inavutwa juu. Ukipanda, inasukumwa chini, ila si yote: nyingine imeshajibanza kwenye vitundu vya mwamba, inasubiri zamu nyingine. Hivyo inapanda kidogo kidogo.

Mwaka 1993 kule Nevada walilipua baruti ya kawaida yenye nguvu ya kama kilotani 1, kina cha karibu mita 400, wakiwa wameweka gesi mbili za alama. Salfa heksafloridi, iliyo nzito, ilifika juu baada ya siku 50. Heliamu-3, nyepesi kabisa, ilichukua siku 375! Nyepesi ilizurura kwenye vitundu vya mwamba, nzito ikashika njia kuu ya nyufa.

Na muda ni mali. Zenoni-133 hupungua nusu kila baada ya siku 5 hivi, ukichelewa ushahidi umeyeyuka. Korea Kaskazini ililipua Februari 2013. Zenoni ilinaswa Takasaki, Japani, siku 55 baadaye.

Atakayesema Afrika haihusiki akumbuke In Ekker, Algeria. Tarehe 1 Mei 1962 jaribio la Ufaransa lililoitwa Béryl lilitoboa mlima, wingu la mionzi likatoka, na mawaziri wawili waliokuja kutazama wakakimbia pamoja na wengine. Mlima ulioaminiwa kufunga siri ulivuja.

Sasa rudi nyumbani. Tunakaa kando ya Bonde la Ufa, na Meru ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910, juzi tu kwa umri wa mlima. Kati ya Natron na Magadi watafiti wamepima kaboni dayoksaidi ikipanda kwenye nyufa kutoka kina kirefu. Goma wanaiita mazuku: gesi nzito kuliko hewa, inalala mabondeni na kuua watu na mifugo bila kuonekana. Wanasayansi wa dunia nzima wanatumia neno hilohilo la kwetu. Jina tumewapa sisi. Vipimo je, tunavyo?

Najua jibu: shida zetu ni mkopo, maji na ajira, mambo ya zenoni yatasubiri. Sawa, lakini anayechimba kisima au kujenga hosteli juu ya ufa naye anahitaji mtu wa kupima gesi, na hiyo ni ajira. Tanzania iliridhia mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia mwaka 2004. Dar es Salaam kuna kituo cha mtandao huo, RN64, kinachonasa chembe za mionzi hewani. Watafiti wanaweza kuomba takwimu za mtandao mzima bila kulipa. Tume ya Nguvu za Atomiki iko na maabara Njiro, daladala moja tu kutoka mjini, na Taasisi ya Nelson Mandela ipo Tengeru.

Kwa hiyo serikali ya wanafunzi iache kutupeleka ziara za kupiga picha tu. Ituombee siku moja Njiro, na wa mwaka wa tatu tuchague mada za utafiti kwenye gesi za udongo wa Meru. Mkataba tumeshasaini, milango ipo. Wa kubisha hodi ni sisi.